Pamba ya Shamba la Shule

Mimi si mtu wa kutulia. Mume wangu husema hata nikilala, miguu yangu huwa inatafuta viatu. Kwa hiyo siku wifi yangu aliponipigia simu kazini kuniambia kwamba mzigo wake umezuiwa bandarini Houston, nilisimama, nikakaa, nikasimama tena, mwishowe nikatoka na simu hadi kwenye maegesho ya magari. Jua la Irving, huku Texas, lilikuwa linachoma lami, na ndege zilikuwa zinashuka uwanjani moja nyuma ya nyingine, kelele tupu.

"Wifi, wame-hold mzigo," alisema. "Wanataka kujua pamba imetoka wapi."

"Si umewaambia Tanzania?"

"Nimewaambia. Sasa wanauliza Tanzania wapi."

Tulicheka wote wawili. Wakati ule tulidhani ni jambo la kuchekesha.

Huyu wifi ni dada wa mume wangu, mtoto wa Dar es Salaam hasa, mwenye maneno na mwenye moyo, na tumetaniana tangu siku nilipoingia kwao. Miaka mingi alipanga maboksi kwenye ghala moja huko Garland, hadi mgongo ukamkataa. Akaacha, akafungua duka la khanga na vitenge hukohuko Garland, limebanwa kati ya saluni na duka la simu. Hakukurupuka. Watu wetu wa hapa, Watanzania, Wakongo, Warundi, hawafanyi harusi bila sare: kamati inakaa, inabishana wiki nzima kuhusu rangi, kisha ukoo mzima unavaa kitambaa kimoja, upande wa bwana chao na upande wa bibi chao. Kabla ya wifi, vitambaa hivyo vilikuja ndani ya masanduku ya abiria, vimeshonana na dagaa. Yeye akasema imetosha, ataleta kwa meli, kwa jina lake, kwa njia ya sheria.

Huo ndio mzigo uliozuiwa, na ulikuwa wa kwanza. Kila alichokuwa nacho kilikuwa ndani ya yale marobota, na sehemu kubwa ilikuwa tayari ina wenyewe: sare ya harusi ya binti wa mama mmoja Mrundi anayesafisha vyumba katika hoteli karibu na uwanja wa ndege. Mzigo ukipotea, duka limekufa, na wifi anarudi ghalani na mgongo wake ule ule. Alinitafuta mimi kwa sababu jambo lililomkuta ndilo linaloniweka mjini.

Nafanya kazi katika ofisi ya kampuni inayoingiza sare za wauguzi. Sheria ya hapa inakataza kuingiza kitu chochote kilichotengenezwa, hata kipande chake kimoja tu, kwa kazi ya kulazimishwa, na watoto wanaolazimishwa wamo humo. Ofisa wa forodha akiwa na shaka, mzigo unakaa bandarini, na ni juu ya mwagizaji kumtoa shaka hiyo. Huwezi kumwambia kwamba wewe ulinunua tu dukani. Unatakiwa ujue pamba ililimwa na nani, ikachambuliwa kwenye kinu gani, nyuzi zikasokotwa wapi, kitambaa kikafumwa na kuchapwa wapi, na ushahidi wa kila hatua ukubaliane na wa hatua inayofuata. Uzito ulioingia kinuni ukizidi uliotoka mashambani, utaulizwa pamba ya ziada imeota wapi. Mwenye akili huyauliza haya kabla hajalipia mzigo na huyatia kwenye mkataba, ili muuzaji asije akamgeuka. Wengi huyauliza mzigo ukiwa umeshakamatwa, roho iko juu.

Swali ninalolituma kwa wauzaji kuliko maswali yote ni hili: nani aliifanya kazi hii, na je, angeweza kukataa? Nimelituma viwandani huku na huko hadi vidole vinaliandika vyenyewe. Majibu huja yamepigwa pasi. Wote wanafanya kazi kwa hiari, wote wana furaha. Nayasoma, nayapanga, naenda kula chakula cha mchana.

Tulianza kufuata mzigo wa wifi kinyumenyume. Kiwanda cha Dar kilitutajia kinu cha kuchambulia pamba, kinu kikatutajia chama cha wakulima, na nilipoliona jina la wilaya niliruka kwenye kiti. Ilikuwa kwetu, Usukumani. Nilimpigia katibu wa chama, na kabla sijamaliza salamu akaijua sauti yangu. Tulikaa dawati moja kuanzia darasa la pili hadi la saba.

"Kumbe ni wewe dada," alisema. "Basi lala usingizi. Pamba yetu haina doa."

Na kweli alijituma kuliko muuzaji yeyote niliyewahi kumsumbua. Stakabadhi za mizani zikaja, majina ya wakulima yakaja, tarehe lori lilipopakia ikaja. Kila kitu kilikubaliana na cha kinu. Wifi akaanza kunitania tena kwamba nimeolewa kwao kumbe Mungu alikuwa anamtafutia mwanasheria wa bure. Nami, kwa mazoea ya ofisini, nikamwomba katibu kitu cha mwisho: picha za mavuno, ili ofisa aone watu na shamba, asione tarakimu peke yake.

Zilikuja Jumamosi asubuhi, wifi akiwa kwangu anakunywa chai. Akina mama shambani, mizani, lori. Ya mwisho katibu alikuwa ameiandikia maneno chini yake: "Hii ndiyo nzuri kuliko zote." Ilikuwa ya wanafunzi wa shule ya msingi katikati ya pamba, mashati meupe na sketi za bluu, magunia mabegani, wanatabasamu jinsi watoto wanavyotabasamu wakiambiwa watabasamu. Pembeni amesimama mwalimu, fimbo kwapani.

Katibu hakuwa na hila yoyote. Aliituma kama mtu anavyomleta mwanawe sebuleni aamkie wageni. Machoni pake ilionyesha kijiji chenye umoja, kinachoipenda pamba yake hata na watoto wake.

"Jamani, wazuri hao," wifi alisema, akiinamia simu. "Hiyo ndiyo uitangulize."

Nilimwambia nitaipanga. Kisha nikaosha vyombo vilivyokuwa tayari visafi.

Mimi nilivuna lile shamba la shule nikiwa mtoto. Msimu wa pamba hatukuingia darasani asubuhi. Tulipitiliza shambani, na ulirudi darasani gunia lako likifika alama aliyoichora mwalimu. Ganda la pamba likikauka lina ncha, nayo huingia chini ya kucha, vidole vinavimba, kalamu haishikiki. Aliyechelewa alichapwa. Tuliimba sana. Yule aliyekuja kuwa katibu alikuwa na mikono myepesi, na mwalimu akigeuka alitupia konzi mbili kwenye gunia langu. Hapa Dallas nimesimulia hayo kwenye sherehe, watu wakacheka hadi machozi, kwa sababu kila mmoja alikuwa na yake: huyu alimchotea mwalimu maji, yule alimbebea kuni, mwingine alifyatua matofali ya nyumba ya mwalimu mkuu. Yalikuwa maisha, na tuliyapita. Katika miaka yote ya kuuliza wageni kama wangeweza kukataa, sikuwahi kuliweka lile swali karibu na lile shamba.

Nilitoka uani nikampigia katibu. Kwao ilikuwa jioni, na nilisikia mbuzi wanarudishwa.

"Wale watoto wanavuna pamba ya nani?"

"Ya shule. Shamba la shule, si unalijua?"

"Na iliuzwa wapi?"

"Kwetu. Iliingia ghalani pamoja na ya wengine. Pamba ikishachanganyika ni pamba."

"Mtoto akisema leo sitaki kuvuna?"

Alicheka. Kisha akasikia sicheki. "Wewe uliwahi kusema?"

Nilianza kuzunguka uani.

"Dada, nikuulize na mimi," alisema. "Lile dawati tulilokalia mimi na wewe, lilinunuliwa kwa pesa ya nini?"

Nililijua jibu. Kila mwaka baada ya mavuno fundi alikuja na madawati mapya, nasi tulipigania kuyanusa mbao.

Wakala wa forodha aliyekuwa anamshughulikia wifi alitaka karatasi ya mwisho isainiwe. Ingewezekana kwa kompyuta, lakini wifi alisema hawezi kusaini jambo la maisha yake kwa kidole kwenye kioo, na mimi nilikuwa siwezi kukaa mahali pamoja hata kwa dawa. Tukaondoka kwa gari kwenda Houston. Njia nzima nilikuwa nageuza maneno mdomoni. Mwagizaji ni yeye, jina ni lake, na mimi peke yangu ndiye niliyejua. Ningenyamaza, mzigo ungetoka. Hakuna ofisa wa Houston ambaye angekwenda kuuliza shule yetu ina shamba gani.

Karibu na mji mmoja wenye magereza mengi tuliacha barabara kuu kutafuta mafuta. Upande wa pili wa senyenge kulikuwa na wanaume waliovaa nguo nyeupe tupu, wameinama na majembe mstari mmoja, na askari anawaangalia kutoka juu ya farasi.

"Wale wanalipwa?" wifi aliuliza.

"Wafungwa wa huku hawalipwi. Ni halali."

"Ni halali," alirudia. "Na pamba yangu ndiyo imezuiwa."

Nilikuwa na hasira, na sikuwa na pa kuipeleka. Hasira kwa askari wa farasi, kwa sheria inayochungulia nyumba ya jirani kabla ya kwake, kwa katibu na picha yake, kwa mwalimu ambaye pengine ameshakufa. Basi nikamwambia yote palepale kituoni, mpira wa mafuta ukiwa bado kwenye tangi. Shamba, gunia, alama, fimbo, ghala lililochanganya.

Wifi alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Kwa hiyo unataka kuniulia duka kwa sababu mwalimu aliwachapa?" alisema. "Nani hajachapwa? Mlivuna, ukasoma, ukaja Marekani, leo una ofisi yenye kiyoyozi. Mimi nirudi kwenye maboksi."

"Sijasema nini kifanyike."

"Umesema. Ukishaniambia, umesema."

Hadi Houston alifungua redio, akaifunga, akaifungua. Nilimwelewa, na nilijuta kufungua mdomo, na dakika ileile nilijua ningefanya vilevile.

Wakala ni Mkenya, mtu wa taratibu, ofisi yake ndogo haiko mbali na bandari. Alikuwa amepanga kila kitu mezani.

"Madam, kazi iko poa," alimwambia wifi. "Hii ya ginnery ina-match na ya farmers, hii ya kiwanda ina-match na ginnery. Imebaki tu hii statement, ya kusema hakuna mtu alikuwa forced, hakuna mtoto. Una-sign hapa, mimi nawatumia leo."

Wifi hakuchukua kalamu. Aliniomba simu yangu, akaitafuta ile picha, akaikuza kwa vidole viwili, akaanza kupita uso mmoja baada ya mwingine. Alikaa sana kwa msichana mmoja wa mbele.

"Huyu mbona amejifunga vitambaa vidoleni?"

"Ganda linachoma."

"Wewe ulijifunga?"

"Hatukuwa na vitambaa vya kuchezea."

Akaniangalia. Wifi yangu akikuangalia bila utani, unajua kuna jambo.

"Ungeweza kukataa?"

Lilikuwa swali langu mwenyewe, maneno yangu ya kila siku, na hakuna aliyewahi kuniuliza mimi. Nilitaka kumwambia kuhusu nyimbo, kuhusu harufu ya madawati mapya. Nilitaka kumwokolea duka lake.

"Hapana," nilisema.

Wakala aliweka kalamu chini. "Sasa hiyo mmesema mbele yangu. Siwezi jifanya sijaskia." Hakuwa na ukali, alisikika kama mtu aliyechoka. "Kuna njia mbili. Tuwapee kila kitu na hiyo picha, wa-decide wao, na honestly sioni waki-release. Ama u-export mzigo, irudi kabla hawaja-decide. Hiyo bado unaruhusiwa."

"Irudi," wifi alisema.

"Fikiria kidogo, madam."

"Nikifikiria nitasaini. Irudi."

Nilimpenda siku ile kuliko siku yoyote tangu niolewe kwao, na papo hapo nilijiona kama niliyemwingilia nyumbani na kumwibia. Wakati wa kurudi yeye ndiye aliyeendesha.

Yaliyofuata yalifuata haraka. Mzigo ulipandishwa meli kurudi Dar, ndugu zake wakauuza kwa bei ya kutupa. Wifi alikwenda mwenyewe hotelini kumsubiri yule mama Mrundi atoke kazini, akamweleza bila kuzunguka kwamba sare haipo na kwa nini haipo. Nilikuwa naye, nimejiandaa kwa maneno makali. Yule mama alivua glavu zake za mpira, akazikunja vizuri.

"Mama, msihangaike," alisema. "Mimi niliolewa kambini, na gauni la kuazima. Watavaa vyenye wako navyo."

Wakavaa walivyokuwa navyo. Ukumbi ulikuwa na rangi ambazo kamati yoyote ingezikataa, na mshereheshaji alishindwa kujua nani ni wa upande wa bwana na nani wa bibi, akawa anakosea kwenye kipaza sauti watu wanacheka. Wifi alicheza hadi viatu vikamshinda. Wiki iliyofuata alifunga duka, akarudi ghalani. Mkanda wa mgongo alinunua mpya.

Katibu nilimwambia ukweli: chama kikitaka kuuza tena kwa mtu wa huku, pamba ya shule isiingie ghalani. Alinisikiliza, akasema sawa. Sikuridhika na ile sawa. Nilikuwa naamka, nafungua simu, naifunga. Sikujua hata nilikuwa nasubiri nini, kama ni tusi au shukrani.

Ilipokuja, ilikuja kama picha. Chama kilikuwa kimekataa kupokea pamba ya shule, mwalimu mkuu akaogopa, shamba lile msimu huo halikulimwa. Katika picha wanafunzi wako darasani, asubuhi, saa za masomo. Wamekaa sakafuni. Madawati ya zamani yameliwa na mchwa, na mapya hakuna cha kuyanunulia. Niliikuza nikamtafuta yule msichana, nikamkuta karibu na ukuta, daftari juu ya mapaja, mgongo umepinda kama wa bibi kizee. Vidole vyake havina kitambaa, na ameshika kalamu vizuri. Chini yake katibu ameandika: "Hawa ndio uliowaokoa."

Maneno yale yaliniuma, na yananiuma hadi leo, kwa sababu sikuweza kusema ni uongo, na sikuweza kusema ni kweli. Nilimtumia wifi ile picha bila neno lolote, nikijua yuko ghalani na simu hairuhusiwi. Nilizunguka meza ya chakula hadi mume wangu akaniuliza ninatafuta nini.

Mapumziko yao yalipofika akanipigia. Nyuma yake nilisikia maboksi yanaburutwa.

"Nimeiona," alisema. "Madawati yatapatikana. Nitaikalisha kamati ya ile harusi tuchange, hata kama bado wananidai sare." Alivuta pumzi, mgongo ulikuwa unamuuma. "Ila mwambie huyo rafiki yako, kabla sijatoa hata senti moja, nataka kujua mbao za hayo madawati anapasua nani."

Nikavaa viatu, nikatoka uani kumpigia katibu.